Habari za Watunzi: Jinsi Mtu Apendaye Kuandika Anavyokuwa Mwandishi

Katika kata yetu ya Mandewa, kandokando ya mji wa Singida, ni vigumu kumpata mwalimu asiye na daftari la pili. La kwanza ni la maandalio ya masomo, hilo hatulisemi. La pili ni la siri. Ndani yake mna hadithi alizozisikia kwa bibi yake, mithali za Kinyaturu, shairi moja au mawili aliyoyatunga alipofiwa au alipooa, na pengine mwanzo wa kisa kirefu kilichokatika ukurasa wa 20. Mapadre na wachungaji nao wanayo madaftari ya namna hiyo. Mwenyewe akihamishwa kituo, daftari huhama naye; akifa, watoto hulichana wakawashia moto au wakafungia karanga. Basi hilo ndilo lililotusukuma kuandika makala haya. Twapenda kueleza jinsi watu wa nchi yetu waliokuwa na madaftari kama hayo walivyopata kuwa watunzi, na jinsi walivyowashirikisha wenzao maisha ya kazi yao.

Kwanza tuyatazame maneno yenyewe, maana yana habari ndani yake. Neno mtunzi latoka katika kutunga, na kutunga ni kupitisha uzi ndani ya shanga, au kamba katika mashavu ya samaki hata upatikane mtungo. Mwenye kutunga shanga hakuziumba, amezikuta. Kazi yake ni kuchagua ipi itangulie na ipi ifuate, na kuangalia uzi usikatike. Neno mwandishi lina njia nyingine. Kuandika, kwa asili, ni kupanga kitu mahali pake, ndiyo maana twasema kuandika meza na kuandika watumishi. Tena zamani mwandishi alikuwa karani, mtu wa kuandika maneno ya bwana wake, wala si yake mwenyewe. Hata leo katika vyama vyetu vingine mwandishi ni yule atunzaye kumbukumbu za mkutano. Kwa hiyo mtu aweza kuwa mtunzi asiye mwandishi, kama walivyokuwa manju na malenga wengi wasiojua kalamu. Aweza pia kuwa mwandishi asiye mtunzi, na hao ndio wengi katika ofisi zetu.

Maneno mawili tuliyoyapokea kwa Waarabu yatufaa zaidi. Mswada asili yake ni weusi: karatasi iliyotiwa weusi kwa wino, yaani iliyoandikwa, ikafutwa, ikaandikwa tena juu ya mistari. Mswada mweupe, usio na mfuto hata mmoja, haujawa mswada bado. Na mhariri ni mtu afanyaye kazi ya kuweka huru, kwa maana katika Kiarabu neno moja lina maana zote mbili, kumwacha mtumwa huru na kusahihisha maandiko. Vijana wengi humwogopa mhariri kama hakimu. Wakijua asili ya jina lake, labda watamwendea kwa moyo mwepesi zaidi, ingawa twakiri kwamba wako wahariri ambao maneno yakitoka mikononi mwao huonekana yamefungwa minyororo badala ya kufunguliwa.

Sasa tuje kwa watu. Twaanza na Aniceti Kitereza, kwa sababu maisha yake yafanana sana na ya wasomaji wetu. Alizaliwa mwaka 1896 katika kisiwa cha Ukerewe, akasomeshwa na misioni ya Kagunguli, kisha akapelekwa seminari ya Rubya katika nchi ya Bukoba. Hakupata upadre. Alirudi kwao, akaoa, akawa katekista na mwalimu, akafanya na kazi nyingine za kumpatia riziki. Aliyaona mambo ya Wakerewe wa zamani yakipotea mbele ya macho yake: jinsi ya kulima, kutengeneza pombe ya ndizi, kuposa, kuagua, kuzika. Padre mmoja wa Kanada, Almas Simard, alimhimiza ayaandike. Wengine wangaliandika orodha ya desturi, moja hata mia. Kitereza hakufanya hivyo. Alitunga kisa cha mume na mke, Myombekere na Bugonoka, waliokaa bila mtoto, wakasumbuliwa na jamaa wa pande zote mbili, kisha wakajaliwa watoto, Ntulanalwo na Bulihwali. Desturi zote akazitia ndani ya maisha yao, kila moja mahali ambapo watu hao waliihitaji. Mume amkosaye mke wake hana budi kupeleka pombe kwa wakwe. Basi msomaji huona jinsi pombe inavyopikwa, wala hachoki, kwa sababu ataka kujua kama mke atarudi.

Kazi hiyo aliimaliza mwaka 1945, kwa Kikerewe. Hapo ndipo taabu ilipoanza. Wasomaji wa Kikerewe walikuwa wachache, na wachapaji hawakutaka kutoa fedha kwa kitabu kikubwa cha lugha ya kisiwa kimoja. Mswada ulikaa. Miaka ikapita, nchi ikapata uhuru mwaka 1961, mswada ungali umekaa. Mwisho wa miaka ya 1960 wataalamu wawili wa ng'ambo, Gerald Hartwig na mkewe Charlotte, waliokuja kuchunguza historia ya Ukerewe, walimshauri aufasiri kwa Kiswahili. Mzee huyo, aliyepita miaka 70, aliketi akaufasiri mwenyewe, kurasa kwa kurasa. Shirika la Tanzania Publishing House likautoa mwaka 1980, miaka 35 baada ya mswada wa kwanza kumalizika. Kitereza alifariki mwaka 1981. Baadaye mtunzi mwingine aliyezaliwa Ukerewe, Gabriel Ruhumbika, aliufasiri kwa Kiingereza kutoka katika Kikerewe chenyewe, na tafsiri hiyo ikatolewa mwaka 2002.

Twapenda wasomaji watazame jambo moja hapo. Mswada huu haukuokolewa na bahati tu. Uliokolewa kwa sababu ulikuwa umekwisha. Hartwig na mkewe wangalikuta nusu ya kisa ndani ya daftari, wasingaliweza kumshauri kitu. Kitereza alimaliza kazi pasipo ahadi ya mchapaji yeyote, akaitunza miaka yote hiyo isiliwe na mchwa wala kulowa mvua, na atunzaye karatasi katika nyumba ya kijijini ajua kwamba hilo si jambo dogo.

Na tusiseme ni ajabu kwamba Ukerewe imetoa watunzi zaidi ya mmoja. Euphrase Kezilahabi naye alizaliwa huko, mwaka 1944, akasoma seminari ya Nyegezi, akatoa Rosa Mistika mwaka 1971, kitabu kilichowachukiza wengi hata kikaondolewa mashuleni, na baada ya miaka kikakubaliwa tena kusomwa huko huko. Wako watakaosema ni damu ya kisiwa. Sisi twaona sababu iko karibu zaidi: skuli zilifika mapema, vitabu vilikuwamo katika nyumba za mapadre, na kijana aliweza kumwona kwa macho mtu wa kabila lake akiandika. Singida haikukosa watu wenye maneno. Alichokosa kijana wa hapa ni kumwona jirani mwenye mswada.

Iko habari nyingine ya zamani zaidi ambayo walimu wakusanyao hadithi za wazee yafaa waikumbuke. Mwaka 1903 kilitolewa Göttingen, katika Ujerumani, kitabu kiitwacho Desturi za Wasuaheli. Jina lililokuwa juu yake ni la Carl Velten, Mjerumani. Lakini sehemu kubwa ya maneno yaliyomo yaliandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda karibu na Bagamoyo, aliyekuwa akifundisha Kiswahili Berlin. Velten alimtaja ndani, katika dibaji; juu ya jalada hakumtaja. Mtoro alifariki Berlin mwaka 1927, na jina lake halikuwekwa mahali palipolistahili hata tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen ilipotoka mwaka 1981. Twalinena hili bila hasira kwa wafu. Twawanenea walio hai, kwa maana mwalimu wa leo aweza kumfanyia bibi wa Mandewa yale yale Velten aliyomfanyia Mtoro, tena bila hata dibaji.

Watu wakiulizwa mtunzi wa Kiswahili ni nani, wengi humtaja Shaaban Robert. Alizaliwa mwaka 1909 huko Vibambani karibu na Tanga, akafariki mwaka 1962. Wengi humdhania mtu aliyekaa kivulini akitunga mashairi mchana kutwa. La. Tangu mwaka 1926 alikuwa karani wa serikali. Alitumika katika Forodha, akahamishwa Idara ya Wanyama, akarudi Tanga katika ofisi ya wilaya na kisha ya upimaji wa ardhi. Alikaa Pangani, Longido, Mpwapwa. Mchana aliandika hesabu za wakubwa wake, usiku aliandika yake. Mashairi yake yalionekana katika magazeti, hasa Mambo Leo, gazeti la serikali lililoanza mwaka 1923, kabla hajatoa kitabu hata kimoja. Pambo la Lugha lilitolewa Afrika ya Kusini mwishoni mwa miaka ya 1940. Kusadikika mwaka 1951. Adili na Nduguze mwaka 1952. Tazama miaka hiyo: karibu robo ya karne ilipita tangu aliposhika kazi ya ukarani hata kupata vitabu vyake kwenye duka. Na baadhi ya vitabu vyake vikubwa, kama Kufikirika na Utubora Mkulima, vilitoka baada ya kufa kwake, mwaka 1967 na 1968.

Tena gazeti lilimpa kitu kisichopatikana katika kitabu. Washairi wa Mambo Leo walikuwa wakijibizana. Mmoja alitoa swali kwa mizani na vina, mwingine wa mkoa wa mbali akalijibu mwezi uliofuata kwa bahari ile ile, wa tatu akawasuluhisha. Watu hao wengine hawakuonana hata siku moja, na walijuana kama ndugu. Desturi hiyo ilikuwa na mizizi ya kale pwani, katika majibizano ya malenga. Magazeti ya misioni nayo yalikuwa yamekwisha tengeneza njia: Msimulizi, lililotolewa Unguja tangu mwaka 1888 na watu wa UMCA, lilijaa barua za walimu waliotumwa vituo vya bara wakieleza safari zao na mambo ya nchi. Mwalimu aliyeandika habari za safari yake kwa wenzake wa Kiungani alikuwa akijifunza, pasipo kujua, kupima kinachompendeza msomaji na kinachomchosha.

Lakini kwa maisha ya mtunzi mwenyewe, hatukuona kitabu kinachofaa kuliko Barua za Shaaban Robert, 1931 hadi 1958, kilichotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 2002. Barua hizo alimwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge, mwalimu, ambaye naye alitoa Nguzo ya Maji na Hadithi Nyingine mwaka 1951. Ulenge alizihifadhi barua kwa miaka mingi, na kwa sababu hiyo twaweza leo kumwona mtunzi katika nguo zake za nyumbani. Mambo ya jamaa na mambo ya vitabu yamo pamoja, kama yalivyo pamoja katika maisha ya kila mtu. Mwenye kusoma Kusadikika peke yake humwona mwenye hekima. Mwenye kusoma barua humwona mtu. Twamshauri kila kijana aanzaye kuandika azisome kabla ya kusoma kitabu chochote cha kanuni za ushairi. Tena azingatie kwamba mtunzi mkubwa kuliko wote alikuwa na mtu mmoja wa kumwandikia. Hakuwa na chama kikubwa nyuma yake katika miaka ile ya kwanza. Alikuwa na ndugu ajibuye barua.

Jirani yetu wa karibu ni Mathias Mnyampala, Mgogo, aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969. Kutoka Singida hata nchi yake si mbali, na jua lao ndilo letu, na njaa zao twazijua. Alikuwa mtoto wa skuli ya misioni ya Kikatoliki, akawa mwalimu, kisha karani, kisha hakimu. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake, sawasawa na sisi. Mwanzo wa kazi yake kubwa haukuwa shairi bali habari za kwao: Historia, Mila na Desturi za Wagogo, kilichotolewa mwaka 1954 na East African Literature Bureau. Ndipo mashairi yakafuata, na tenzi za mambo ya dini zilizopigwa chapa na misioni ya Ndanda. Jambo la kutazamwa ni hili: chapa ya misioni, ambayo wengi hudhani ni ya katekisimu na nyimbo tu, ndiyo iliyompa Mgogo huyu nafasi ya kutunga Enjili kwa utenzi, kwa namna ya watu wa pwani, ambao tenzi zao nyingi za kale ni za Uislamu. Baadaye alikuwa kiongozi katika UKUTA, chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi, akabuni ngonjera, yaani mashairi ya kusemezana mbele ya watu. Ngonjera za UKUTA zilitolewa mwaka 1970 na 1971, mwenyewe akiwa amekwisha fariki. Nani katika wasomaji wetu hakusimama mstarini utotoni akapokezana ngonjera na mwenziwe mbele ya mgeni wa heshima? Wengi tulizisema tusijue zina mwenyewe.

Njia nyingine ya kuingia katika utunzi ni mashindano. Muhammed Said Abdulla wa Unguja, mwandishi wa magazeti, alishinda mashindano ya hadithi ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957 na 1958 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kikatolewa kitabu mwaka 1960, na Bwana Msa akajulikana nchi nzima. Bureau hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1948, ilikufa pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani mwaka 1977. Lakini mashindano hayakufa. Iko leo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Ilianza mwaka 2022 kwa riwaya na ushairi, na baadaye hadithi za watoto zikaongezwa. Washindi wa kwanza walipewa tuzo tarehe 13 Aprili 2023. Iko pia ile ya kimataifa kwa Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo hupokea miswada ambayo haijachapwa. Mashindano yana faida ambayo haisemwi sana: yana siku ya mwisho. Mwenye daftari hana siku ya mwisho, ndiyo maana kisa chake hukatika ukurasa wa 20.

Tuseme sasa habari za hapa kwetu. Walimu wachache wa Mandewa, pamoja na katekista mmoja na mama mmoja auzaye vitunguu sokoni, wamezoea kukutana Jumamosi moja ya kila mwezi. Kanuni zao ni chache. Mwenye kazi husoma kwa sauti. Akiisha kusoma hunyamaza, haruhusiwi kujitetea wala kueleza alilokusudia, maana hatakuwapo kumweleza msomaji wa Kigoma. Wasikilizaji hawasemi nzuri au mbaya. Husema mahali walipopotea, na mahali walipotaka kusikia zaidi. Mama wa vitunguu hajui kanuni za mizani, walakini yeye ndiye ajuaye upesi kuliko wote mahali uongo ulipoingia.

Katika mikutano hiyo magonjwa matatu yameonekana mara kwa mara. La kwanza ni la sisi walimu: kila kisa twakifunga kwa fundisho, kana kwamba msikilizaji ni mtoto wa darasa la tatu. Kitereza, katekista, alikuwa na sababu zote za kuhubiri, na hakuhubiri; alieleza jinsi watu walivyoishi, akatuachia wenyewe. La pili ni wingi wa mithali na maneno mazito. Kijana ajionaye mgeni katika Kiswahili hupenda kuonyesha kwamba amekijua, akajaza ukurasa maneno ambayo hata yeye hayatumii anapokuwa na njaa.

La tatu lahusu lugha, nasi twataka kulikalia kidogo. Hadithi ya Kinyaturu inaposimuliwa jioni, nusu yake haimo katika maneno ya kawaida. Imo katika sauti ya fisi, katika wimbo ambao wasikilizaji huuitikia, na katika vile viigizi vya sauti na hali ambavyo lugha zetu zote zinavyo. Mwandishi akiifasiri kwa Kiswahili cha skuli, huviondoa vyote kwa kudhani si lugha ya heshima, akabakiza mifupa: fisi alienda, fisi alikula, fisi alikufa. Kumbe Kiswahili nacho kina mali hiyo tele. Twasema mtu alianguka pu, akatumbukia majini chubwi, usiku ulikuwa mweusi ti, nguo nyeupe pe, mtoto amelala fofofo, nyumba imejaa pomoni, watu kimya jii. Hakuna sababu ya kuyaacha maneno haya mlangoni tunapoingia katika kuandika. Na ule wimbo wa kuitikiwa uandikwe katika lugha yake, kisha maana yake ifuate. Wasikilizaji wa Mandewa waliusikia hivyo wakauimba wote, hata mwenye kusoma akalazimika kungoja.

Lazima tuseme na mambo ya fedha na sheria, ijapokuwa si matamu. Mtunzi hulipwa mrabaha, yaani sehemu ya bei ya kila kitabu kilichouzwa, na sehemu hiyo ni ndogo; kwa desturi ya wachapaji yazungukia moja katika kumi. Nakala zikiuzwa chache, fedha haitoshi nauli ya kwenda kuidai. Kwa hiyo asitokee kijana wa kuacha kazi ya ualimu kwa ajili ya kitabu cha kwanza. Shaaban Robert hakuacha ukarani, wala Mnyampala hakimu wake. Mkataba usomwe wote kabla ya kutia sahihi, na mtu ajue kama anauza haki yake yote kwa malipo ya mara moja au anaikodisha. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 iliweka haki ya mtunzi kuwa yake maisha yake yote na ya warithi wake miaka 50 baada ya kufa kwake, nayo haikusahau sanaa za mapokeo, ambazo hadithi za wazee wetu ni sehemu yake. Na nakala iwe zaidi ya moja. Twamjua mwalimu kijana aliyempelekea mchapaji mmoja mswada wake wa pekee, ulioandikwa kwa mkono kwa muda wa miaka mitatu. Alipouliza, aliambiwa haukufika. Alipouliza tena, aliambiwa ulirudishwa. Siku hizi simu za mkononi zaweza kupiga picha ukurasa mmoja mmoja, na kazi hiyo ni ya jioni mbili.

Limebaki swali ambalo wenzetu hutuuliza kila mara: je, mtu wa hapa aandike kwa Kinyaturu au kwa Kiswahili? Habari za Kitereza zaweza kutumiwa na pande zote mbili. Mwenye kutetea Kiswahili atasema miaka 35 yatosha kuwa onyo. Mwenye kutetea lugha ya kwao atasema kisa kile kisingalikuwa na utajiri ule kama hakingalianza katika Kikerewe, kwa kuwa majina ya mimea, ya vyombo na ya jamaa yalimjia yote bila kutafutwa. Sisi twaelekea upande huu wa pili kwa hadithi za mapokeo, na upande wa kwanza kwa visa vya siku hizi, vya mji, vya alizeti na mashine za kukamua mafuta, ambavyo watu wa Singida wenyewe huzungumza kwa Kiswahili.

Kwa hadithi za mapokeo namna iliyotufaa ni hii. Daftari lifunguliwe kurasa mbili pamoja. Ukurasa wa kushoto uandikwe maneno ya msimulizi kama alivyoyasema, kwa Kinyaturu, pamoja na mahali alipocheka na mahali watu walipoitikia. Juu yake liandikwe jina lake, kwa ruhusa yake, kijiji chake, tarehe, na mtu aliyemsimulia yeye hapo kwanza kama anamkumbuka. Ukurasa wa kulia uachwe mtupu kwa Kiswahili, hata kama ni kwa mwezi mzima. Kisha msimulizi asomewe yote mawili. Wazee wengi husahihisha, na sahihisho lao huandikwa pembeni kwa wino wa rangi nyingine, kusiwe na kuchanganya maneno yao na yetu.